Kasoko za Mwezi na Enzi ya Migongano Mikubwa

Uso wa Mwezi umejaa kasoko, yaani mashimo ya duara yenye kingo zilizoinuka, na karibu zote zilichimbwa na miamba iliyoanguka kutoka anga za juu. Orodha iliyochapishwa mwaka 2018, iliyotokana hasa na picha na vipimo vya chombo cha Marekani kiitwacho Lunar Reconnaissance Orbiter, ina kasoko zipatazo milioni 1.3 zenye kipenyo cha kilomita 1 au zaidi. Zile kubwa kwelikweli, zenye upana wa kilomita 20 na kuendelea, zilihesabiwa mwaka 2010 zikapatikana 5,185. Nyingi kati ya hizo kubwa ni za kale mno. Zilichimbwa kabla ya miaka bilioni 3.8 iliyopita, Mwezi ukiwa bado mchanga na mabaki ya miamba iliyojenga sayari yakiwa bado yanazagaa kuzunguka Jua.

Dunia ilikuwa jirani yake wakati wote huo. Kwa kuwa eneo la uso wake ni zaidi ya mara 13 ya lile la Mwezi, na mvutano wake una nguvu zaidi, ilipigwa mara nyingi zaidi. Hata hivyo, mtu anayetoka Siakago, katika nchi ya Mbeere nchini Kenya, kuelekea mlima Kiang'ombe, au anayeteremka upande wa mto Tana, hakuti alama hata moja ya enzi hiyo. Hapo ndipo ilipo thamani ya Mwezi kwa wanajiolojia: umetunza kumbukumbu ambayo ardhi ya Mbeere, sawa na ardhi ya mabara yote, ilikwisha kuipoteza.

Maelezo yanayokubaliwa na wengi juu ya asili ya Mwezi ni kwamba nao ulizaliwa na mgongano. Yapata miaka bilioni 4.5 iliyopita, sayari changa yenye ukubwa unaokaribia ule wa Mirihi iliigonga Dunia, na mabaki yaliyorushwa yakakusanyika katika mzingo hadi yakawa Mwezi. Joto la tukio hilo liliyeyusha sehemu kubwa ya mwili mpya, ukafunikwa na bahari ya mwamba ulioyeyuka yenye kina cha mamia ya kilomita. Bahari hiyo ilipopoa, madini mazito yalizama, na madini mepesi ya jamii ya feldispa yakaelea na kuganda juu. Ganda hilo la rangi nyeupe, ambalo mwamba wake huitwa anothositi, ndilo linaloonekana hadi leo katika nyanda za juu za Mwezi zenye mng'aro. Ndilo lililopokea mapigo yote yaliyofuata.

Jiwe linaloufikia Mwezi huja kwa kasi inayokaribia kilomita 20 kwa sekunde, na hakuna hewa ya kulipunguza mwendo. Kwa kasi hiyo kila kilo ya jiwe hubeba nishati inayolingana na ile ya kulipua kilo 48 hivi za baruti ya TNT. Kinachotokea basi ni mlipuko. Jiwe na ardhi inayogongwa hubanwa ghafla kwa shinikizo kubwa kiasi kwamba mwamba mgumu hutiririka. Wimbi la mshtuko husambaa pande zote kutoka mahali pa kugongwa, na nyuma yake hufuata wimbi la kulegea; hili la pili ndilo hasa linaloutupa mwamba juu na nje. Jiwe lenyewe huyeyuka au kugeuka mvuke karibu lote. Shimo linalobaki huwa na upana wa takriban mara 10 hadi 20 ya jiwe lililolichimba. Kingo zake hujengwa na tabaka za ardhi zilizoinuliwa na kupinduliwa, zikafunikwa na kifusi kilichorushwa. Kifusi kinachokwenda mbali huanguka kwa kasi na kuchimba kasoko nyingine ndogo, na kile chembamba zaidi huacha miale myeupe juu ya ardhi. Miale ya kasoko ya Tycho, ambayo ina umri wa miaka milioni 108 hivi tu, huvuka sehemu kubwa ya uso wa Mwezi na huonekana kwa darubini ndogo wakati wa mbalamwezi.

Umbo la kasoko hufuata ukubwa wake. Kwenye Mwezi, zile zisizozidi kilomita 15 hivi ni mashimo sahili ya mviringo, yenye kina cha takriban moja ya tano ya upana. Zikipita hapo, ardhi hushindwa kuhimili kuta zenye mwinuko mkali: kuta huporomoka na kuwa ngazi, sakafu husawazika, na katikati hutokea kilima cha mwamba ulioruka kutoka chini baada ya kubanwa. Duniani, ambako mvutano ni mkubwa mara sita, mabadiliko hayo huanza mapema, kwenye kasoko za kilomita 2 hadi 4. Mfano mzuri wa umbo hili la pili ni kasoko ya Copernicus, yenye kipenyo cha kilomita 93 na kina cha karibu kilomita 3.8. Kama ingechimbwa upande wa mashariki wa Mlima Kenya, ingemeza Siakago, mji wa Embu, Chuka, mji wa Meru na vilele vya mlima wenyewe, vyote kwa pamoja.

Zilizopita kilomita 300 huitwa mabonde ya mgongano, na hapo ndipo historia ya mwanzo ya Mwezi ilipoandikwa kwa herufi kubwa. Bonde la Orientale, kwenye ukingo wa magharibi, lina kipenyo cha kilomita 930 na limezungukwa na pete za milima, pete ndani ya pete. Bonde la Imbrium, ambalo ndani yake imo tambarare nyeusi iitwayo Bahari ya Mvua, lina kilomita zipatazo 1,150. Kenya nzima ingetoshea humo kutoka kaskazini hadi kusini. Kubwa kuliko yote ni South Pole–Aitken, upande wa Mwezi usioonekana kamwe kutoka duniani, lenye upana wa kilomita 2,500 hivi. Likiwekwa juu ya ramani na kitovu chake kikiwa Siakago, litapita Addis Ababa upande wa kaskazini na Dar es Salaam upande wa kusini, na kuzifunika Kenya, Uganda, Rwanda na Burundi bila kubakiza kipande.

Kwa muda mrefu wataalamu wengi waliamini kwamba mashimo haya yote ni ya volkeno. Mtu wa Meru au Embu atawaelewa upesi, kwa sababu mashimo ya duara anayoyajua yeye ni ya volkeno bila ubishi. Ziwa Nkunga, kwenye mteremko wa kaskazini-mashariki wa Mlima Kenya, limekaa ndani ya shimo lililopasuliwa na mvuke pale mwamba wa moto ulipokutana na maji chini ya ardhi. Katika safu ya Nyambene vipo vilima na kasoko kadhaa, ikiwemo Magado, ambayo sakafu yake ina chumvi inayovunwa na wenyeji. Mbali zaidi kuna Menengai karibu na Nakuru, na ng'ambo ya mpaka Ngorongoro, yenye upana unaokaribia kilomita 20. Mtu aliyekulia katikati ya mashimo kama hayo, akitazama Mwezi kwa darubini, angekuwa na kila sababu ya kusema: hizi nazo ni zilezile.

Hata waliobobea walipotezwa na ufanano huo. Mwaka 1891 mwanajiolojia Mmarekani Grove Karl Gilbert alikwenda Arizona kuchunguza shimo lenye upana wa kilomita 1.2 na kina cha mita 170, ambalo kandokando yake palikuwa na vipande vya chuma cha vimondo. Alipima, akapiga hesabu, na mwisho akaamua kwamba ni mlipuko wa mvuke wa volkeno, yaani aina ileile ya shimo kama la Nkunga. Mwaka 1893 Gilbert huyohuyo alichapisha makala juu ya sura ya Mwezi, akasema kasoko zake zimetokana na migongano. Alikosea mahali alipoweza kuugusa mwamba kwa mkono, akapatia mahali alipoweza kutazama tu. Lakini kulibaki tatizo lililomsumbua: miamba ya angani huja kutoka kila upande, mingi kwa kulalia, na jiwe linalokuja kwa kulalia lilitarajiwa kuacha shimo refu la yai. Kwa nini basi kasoko za Mwezi ni za duara? Jibu lilikuja wanasayansi walipotambua kwamba shimo halichimbwi na umbo la jiwe wala mwelekeo wake, bali na mlipuko, na mlipuko husukuma pande zote kwa usawa. Ni pale tu jiwe linapokuja karibu kabisa na usawa wa ardhi ndipo kasoko hurefuka.

Hoja nyingine zilijikusanya polepole. Kasoko ya volkeno kwa kawaida hukaa juu ya mlima uliojengwa na volkeno hiyo, na sakafu yake mara nyingi huwa juu ya nchi inayoizunguka. Kasoko ya Mwezi hukaa chini, sakafu yake ikiwa imezama kuliko uwanda wa nje. Kifusi kilichomo kwenye kingo zake hukaribia kujaza shimo lenyewe, jambo linaloonyesha kwamba ardhi ilitupwa pembeni tu, haikuongezwa lava kutoka chini. Mtafiti Ralph Baldwin alizikusanya hoja za namna hii katika kitabu chake cha mwaka 1949. Ushahidi uliomaliza mjadala kwa shimo la Arizona ulipatikana mwaka 1960, Eugene Shoemaker na wenzake walipokuta humo koesiti, aina ya silika inayohitaji shinikizo ambalo hakuna volkeno inayoweza kulileta juu ya ardhi. Tangu hapo mwanajiolojia anayedai kuwa shimo fulani ni la mgongano hutakiwa kuonyesha alama za mshtuko ndani ya madini: koesiti, mistari sambamba ya uharibifu ndani ya punje za kwatzi, au mipasuko ya umbo la pia katika mwamba. Umbo la duara peke yake halitoshi, na ni vyema iwe hivyo, kwa maana Afrika Mashariki ina maduara mengi.

Kwa upande wa Mwezi wenyewe, hukumu ilitolewa na safari ya Apollo 16, mwezi Aprili 1972. Nyanda za juu za Descartes zilichaguliwa kwa sababu watafiti waliamini vilima vyake laini vilitokana na lava nzito. Wanaanga John Young na Charles Duke walifundishwa kutambua miamba ya volkeno, wakaitafuta, na hawakuiona. Karibu kila jiwe waliloliokota lilikuwa breksia, yaani vipande vya miamba ya zamani vilivyovunjwa, vikachanganywa na kuunganishwa upya kwa joto na shinikizo la mgongano. Kati ya safari zote za Apollo hii haisimuliwi sana, nayo ndiyo iliyobadilisha zaidi fikra za wanajiolojia. Ilionyesha kwamba nyanda za juu za Mwezi hazikujengwa na volkeno kwa kiwango kilichodhaniwa. Zilipondwa.

Kasoko hutumika pia kukadiria umri. Uso uliokaa muda mrefu chini ya mvua ya miamba huwa na kasoko nyingi kuliko uso mpya. Mahali ambapo kasoko moja imekatiza nyingine, ile iliyokatwa ndiyo ya kale. Kwa kanuni hizo mbili Shoemaker na Robert Hackman walipanga mwaka 1962 mfuatano wa enzi za Mwezi. Mbinu hii ina kikomo. Matone ya kwanza ya mvua yanapoanguka kwenye uwanja wenye vumbi, alama zake huweza kuhesabiwa moja moja. Mvua ikiendelea, kila tone jipya hufuta alama za yaliyotangulia, na hesabu haiongezeki tena. Sehemu za kale kabisa za Mwezi zimefika hapo. Idadi ya kasoko zake hueleza umri wa chini kabisa unaowezekana, haielezi umri wenyewe.

Tena hesabu ya kasoko hutoa mfuatano tu hadi pale inapofungwa na umri uliopimwa maabara. Mwaka 1965 William Hartmann alitumia kasoko za kale za Kanada kukisia kasi ya mapigo, akakadiria kwamba tambarare nyeusi za Mwezi zina umri wa miaka bilioni 3.6 hivi. Miaka minne baadaye Apollo 11 ilileta bazalti kutoka Bahari ya Utulivu, na vipimo vya elementi nururifu vikatoa kati ya miaka bilioni 3.6 na 3.9. Makisio ya kuhesabu mashimo kwa macho yalikuwa yamefika karibu sana na ukweli.

Safari sita za Apollo zilileta kilo 382 za mawe na vumbi. Miamba iliyoyeyushwa na migongano, ambayo humo ilikuwa mingi, ilizua swali lisilotarajiwa: umri wake ulijikusanya kati ya miaka bilioni 3.8 na 4.0, na iliyozidi hapo ilikuwa haba. Mwaka 1974 Fouad Tera, Dimitri Papanastassiou na Gerald Wasserburg walipendekeza kwamba Mwezi ulipatwa na gharika ya mapigo katika kipindi hicho kifupi, miaka milioni 500 au zaidi baada ya kuzaliwa kwake. Wazo hili lilipata nguvu mpya mwaka 2005, wakati hesabu za kompyuta zilipoonyesha jinsi Mshtarii na Zohali, kwa kuhama katika mizingo yao, zingeweza kuvuruga asteroidi na vimondo vya barafu na kuvituma kwa wingi kwenye sayari za ndani.

Nadharia hiyo ilipendwa sana, pengine kuliko ushahidi wake ulivyostahili. Apollo zote zilitua upande unaoonekana, si mbali na Imbrium, na mgongano uliochimba bonde hilo ulitapakaza kifusi chake karibu kila mahali wanaanga walipokanyaga. Mawe mengi yanayodhaniwa kuwa ya migongano tofauti yanaweza kuwa yote ni ya Imbrium. Kipimo cha umri kwa argoni, kilichotumiwa sana, huathirika mwamba unapopashwa moto upya, hivyo mapigo ya mwisho huficha yaliyotangulia. Hartmann alikuwa amesema tangu miaka ya 1970 kwamba uhaba wa mawe ya kale zaidi unaweza kumaanisha tu kwamba yalisagwa. Vimondo vya Mwezi vilivyookotwa duniani, ambavyo hutoka sehemu mbalimbali za Mwezi, havionyeshi mkusanyiko ulio wazi namna ile. Kwa sasa mizani imeelemea upande wa maelezo tulivu zaidi: mapigo yalikuwa mengi sana mwanzoni, yakapungua hatua kwa hatua, na Imbrium na Orientale ni mabonde makubwa ya mwisho katika mteremko huo mrefu.

Jiwe moja lililosaidia kuweka tarehe ya Imbrium halikuletwa na roketi. Liliokotwa Januari 2002 katika jangwa la Oman, eneo la Sayh al Uhaymir, ambako uwanda wa changarawe nyeupe huyafanya mawe ya angani yaonekane kirahisi. Lina gramu 206 tu na huitwa Sayh al Uhaymir 169. Wingi wake wa thoriamu na potasiamu ulilioanisha na eneo la Imbrium, ambalo ramani za chombo Lunar Prospector zilionyesha kuwa na elementi hizo kwa kiwango kisicho cha kawaida. Watafiti wakiongozwa na Edwin Gnos walitangaza mwaka 2004 kwamba sehemu yake iliyoyeyushwa iliganda miaka milioni 3,909 iliyopita, na kosa la kipimo halizidi miaka milioni 13. Waliona pia alama za mapigo mengine: moja la miaka bilioni 2.8 hivi iliyopita, moja la miaka milioni 200 hivi, na la mwisho, chini ya miaka 340,000 iliyopita, ambalo lililing'oa jiwe na kulitupa nje ya Mwezi hadi likaangukia Uarabuni. Ni nadra jiwe linaloenea kiganjani kubeba historia iliyokamilika namna hiyo.

Mabonde yalipochimbwa hayakubaki matupu. Ganda lililopunguzwa unene na kupasuliwa liliacha njia kwa lava, na kwa mamia ya mamilioni ya miaka bazalti nyeusi ilipanda na kuyajaza, hasa upande unaoitazama Dunia ambako ganda ni jembamba. Hizo ndizo zinazoitwa bahari za Mwezi. Kwa hiyo volkeno zipo katika historia hii, ila zilikuja baadaye, zikafuata njia zilizofunguliwa na migongano. Mwaka 1968 Paul Muller na William Sjogren waligundua kwamba vyombo vinavyozunguka Mwezi huvutwa zaidi vinapopita juu ya mabonde kadhaa makubwa, kwa sababu ya mwamba mzito uliopanda kutoka chini ya ganda pamoja na lava iliyoganda juu yake. Vyombo pacha vya GRAIL vilipima mvutano huo kwa makini mwaka 2012 na kuonyesha kwamba karibu asilimia 12 ya ujazo wa ganda la juu ni nafasi tupu, nyufa zilizoachwa na mapigo. Ufa umeingia kilomita nyingi ndani.

Kwa jicho tupu, mabonde yaliyojazwa lava ndiyo madoa meusi ya Mwezi mpevu. Siakago ipo karibu sana na ikweta, chini ya nyuzi moja kusini, na huko Mwezi hupita karibu na utosi, mahali ambapo hewa ya kupenyezwa na nuru yake ni chache. Usiku wa mbalamwezi hata hivyo si wakati mzuri wa kutazama kasoko, kwa kuwa mwanga wa Jua huziangukia wima na vivuli hutoweka. Zinaonekana vyema kati ya siku ya 7 na ya 10 ya mwezi mwandamo, kandokando ya mpaka wa nuru na giza, ambako kila ukingo hutupa kivuli kirefu. Darubini ya macho mawili inatosha kuonyesha Copernicus pamoja na pete ya milima ya Imbrium, na miezi ya ukavu ya Januari na Februari huwapa watu wa Mbeere anga safi kwa kazi hiyo.

Sababu ya ardhi ya Mbeere kutokuwa na kumbukumbu za migongano ya kale inaonekana papo hapo. Miamba ya kuzunguka Siakago, naisi na itale zinazochomoza katika vilima vya Mbeere, ni sehemu ya Ukanda wa Msumbiji, ulioundwa mabara yalipogongana na kusukumana miaka milioni 650 hadi 550 hivi iliyopita. Miamba iliyokuwepo kabla yake ilizikwa kwa kina, ikachemshwa na kukunjwa hadi madini yake yakabadilika. Alama yoyote ya pigo la kale ingefutika. Kisha mmomonyoko ukaondoa kilomita nyingi za mwamba uliokuwa juu, na bado unaendelea: tope linaloletwa na Tana na vijito vyake limekuwa likilijaza bwawa la Masinga, lililokamilika mwaka 1981, kwa kasi kubwa kuliko ilivyotarajiwa. Upande wa magharibi, kuanzia Embu kwenda juu, lava za Mlima Kenya zilizomwagika katika miaka milioni chache iliyopita zimefunika kila kitu. Kusukumana kwa mabara, maji yatiririkayo na lava mpya: Mwezi hauna mawili ya kwanza, na la tatu lilikoma karibu kabisa zamani.

Ndiyo maana orodha ya miundo ya mgongano iliyothibitishwa duniani ina takriban 200 tu, na haina hata mmoja wa Kenya, Uganda wala Tanzania. Wa karibu zaidi uliothibitishwa upo Katanga, katika nyanda za Kundelungu nchini Kongo. Muundo huo wa Luizi una upana wa angalau kilomita 17 na pete za ndani zinazoonekana wazi kutoka angani. Ludovic Ferrière na wenzake walioufanyia uchunguzi Juni 2010 walipata mipasuko ya umbo la pia na kwatzi iliyopigwa mshtuko, wakatangaza matokeo mwaka 2011. Mchangamawe uliogongwa una umri usiozidi miaka milioni 575 hivi, kwa hiyo Luizi ni mchanga kuliko huo, na hauhusiani na enzi ya mabonde. Muundo wa Vredefort wa Afrika Kusini, wenye miaka bilioni 2.02, nao ulichelewa. Kinachofika karibu zaidi na enzi hiyo barani Afrika si kasoko. Ni tabaka za vitone vidogo vya mwamba ulioyeyuka katika milima ya Barberton, mashariki mwa Afrika Kusini, zenye umri wa miaka bilioni 3.2 hadi 3.5. Vitone hivyo viliganda kutoka kwenye mvuke wa miamba uliosambaa angani baada ya mapigo makubwa, vikaanguka baharini. Mashimo yaliyovitoa yametoweka, vitone vimesalia. Vinaonyesha kwamba Dunia iliyokwisha kuwa na viumbe vya chembe moja ilikuwa bado inapata mapigo makali.

Mawe yanayoanguka duniani sasa ni madogo. Mnamo Agosti 14, 1992, mvua ya mawe ya angani iliushukia mji wa Mbale, mashariki mwa Uganda, na kijiwe cha gramu chache kilichopunguzwa kasi na majani ya mgomba kikamgonga mtoto kichwani bila kumdhuru. Mnamo Julai 16, 2011, mawe mengine yalianguka mchana karibu na Thika. Kimondo cha Mbozi, kusini-magharibi mwa Tanzania, ni chuma chenye uzito unaokadiriwa kuwa tani 16 na urefu wa mita 3 hivi, wala hakikai ndani ya kasoko. Hewa hupunguza mwendo wa mawe madogo kiasi kwamba humaliza safari kwa kuanguka tu. Mwezini hakuna kinga hiyo: tarehe 17 Machi 2013 jiwe dogo lilipiga Bahari ya Mvua, mwako wake ukaonekana kutoka duniani, na Lunar Reconnaissance Orbiter ikapiga picha shimo jipya lenye upana wa mita 18.

Mlango wa kuijua enzi ya kwanza ulifunguka zaidi mwaka 2024, chombo cha China kiitwacho Chang'e 6 kilipotua ndani ya bonde la South Pole–Aitken na mwezi Juni kikaleta gramu 1,935 za udongo na mawe, ya kwanza kabisa kutoka upande wa nyuma wa Mwezi. Vipande vya mwamba ulioyeyushwa na mgongano vilivyopatikana humo vimepimwa na kutoa umri wa miaka bilioni 4.25 hivi, ambao watafiti wa China wanausoma kama tarehe ya kuchimbwa kwa bonde hilo. Tarehe hiyo ikisimama, bonde kubwa na la kale kuliko yote litakuwa limetangulia Imbrium kwa zaidi ya miaka milioni 300, na mapigo yaliyochimba mabonde mengine yatapaswa kupangwa ndani ya nafasi hiyo. Kati ya hayo, Nectaris ndilo linalosubiriwa kwa hamu zaidi, kwa sababu ndilo mpaka kati ya enzi mbili za mwanzo za Mwezi, na bado hakuna chombo kilichotua ndani yake kuchukua mwamba.